Watu wa Mwezini Kwenye Bati la Maziwa

Swali: Nina miaka 47, naishi Tudor, Mombasa. Mjomba wangu alikuwa baharia, na kati ya 1984 na 1987 kila meli yake ikitia nanga Kilindini aliniletea mtu mmoja wa plastiki wa mambo ya anga za juu. Mama aliwaita "watu wa mwezini". Mama alifariki mwaka jana. Baada ya arubaini, tulipokuwa tukitoa vitu nyumbani kwake Kibokoni, nikawakuta watano ndani ya bati la maziwa ya unga juu ya kabati lake. Wawili wananata kama wamepakwa asali, mweupe amegeuka rangi ya jino la mvuta tumbaku, na mweusi ana kitu cheupe kama ukungu. Mguuni wana miaka 1977, 1980 na 1983, herufi GMFGI au LFL, na neno Hong Kong. Tangu siku hiyo nimenunua wengine 11 mtandaoni, jumla shilingi 64,000 pamoja na ushuru. Mizigo nilikuwa naiagiza ifikie dukani kwa rafiki yangu ili mke wangu asijue. Amejua. Anasema ni utoto. Kijana mmoja ameniambia hao watano ni mali ya mamilioni. Mwanangu wa miaka 6 anataka kuwachezea. Mjomba bado yu hai, yuko Likoni, ila masikio yamechoka. Niwasafishe vipi, wana thamani gani, na je, mimi nina tatizo?

Jibu:

Pole sana kwa kufiwa na mama. Naanza na pole kwa sababu maswali yako yote yanarudi juu ya lile kabati lake, na sitaki nikujibu habari za plastiki kana kwamba bati hilo lilijiweka lenyewe pale. Mtu aliliweka. Akalitunza karibu miaka arubaini bila kukwambia.

Sasa jambo la haraka. Kama umeshatoa spiriti, petroli, au ile dawa ya kuondolea rangi ya kucha, irudishe ilikotoka. Kazi yangu ni kuhifadhi vitu vya zamani, na mwanzoni mwa kazi hiyo niliwahi kuletewa mwanasesere wa mama mmoja, kitu alichopewa na baba yake. Nilimpangusa kwa pamba yenye spiriti. Unato ukaondoka, na macho yakaondoka nao, maana yalikuwa rangi tu iliyopakwa juu. Bado naukumbuka uso wa yule mama nilipomrudishia. Ndiyo maana nakuomba uanze polepole.

Huo unato si uchafu uliowaingia, umetoka ndani yao wenyewe. Plastiki laini waliyotengenezwa nayo, PVC, kwa asili ni ngumu. Ndiyo hiyohiyo inayotengeneza mabomba ya maji. Ili ilainike ikawa kichwa au mkono wa mwanasesere, kiwandani huchanganywa na mafuta maalumu ya kuilainisha. Mafuta hayo hayaungani na plastiki yakawa kitu kimoja. Yamekaa katikati yake tu, kama samli kwenye wali. Joto likija, yanapanda juu. Fikiria basi miaka karibu arubaini chini ya paa la Kibokoni, Januari baada ya Januari kaskazi ikivuma, usiku nao hakuna nafuu. Mafuta yametoka kidogo kidogo, vumbi limeshika, na wewe umekuta asali. Hakuna aliyekosea kuwatunza. Hata wangekuwa kwenye kabati la makumbusho wangezeeka, ila taratibu zaidi.

Mafuta hayo yana tabia nyingine ambayo wengi hawaijui: huhamia kwa jirani. Plastiki laini ikilala miaka mingi juu ya plastiki ngumu, huilainisha na kuila. Mwangalie yule mweupe mgongoni na ubavuni. Ukiona alama iliyozama, kama kidole kilichobonyeza nta, hapo ndipo alipolaliwa na mwenzake. Alama hiyo haitatoka, wala usijaribu kuisugua.

Huyo mweusi unahitaji kumtazama kwa makini, kwa sababu weupe huo unaweza kuwa mojawapo ya vitu viwili. Kuna ukungu wa kweli, ule unaoota kwenye viatu na koti zetu wakati wa masika: una manyoya madogo, unanuka unyevu, na hupenda zaidi nguo na karatasi. Na kuna weupe laini kama nta, hauna harufu, ukiupitisha kidole unapakaa. Huo wa pili ni mchanganyiko wa ndani ya plastiki uliojitokeza juu, ndugu wa ule unato. Ukiwa ukungu, mpeleke nje kwenye upepo na kivuli, mpanguse kwa brashi laini kavu huku umefunika pua na mdomo, ndipo umwoshe. Ukiwa nta, nenda moja kwa moja kwenye kuosha.

Kuosha kwenyewe ni kazi ya kawaida sana. Maji ya vuguvugu, tone moja la sabuni ya vyombo, kitambaa laini cha pamba, na mswaki wa mtoto kwa mikunjo. Usiwalowanishe ndani ya bakuli, kwa sababu maji huingia kwenye viungio vya mikono na miguu yakabaki humo, na unyevu wetu wa pwani hauyaachi yakauke upesi. Jaribu kwanza kwenye unyayo, mahali pasipo rangi. Suuza kwa kitambaa kingine chenye maji matupu, kausha kwa taulo, halafu waache kivulini siku nzima. Jua lisiwaguse. Kama kuna aliyekuwa na joho la kitambaa, mvue aoshwe bila joho lake. Na naomba uelewe tangu sasa kwamba unato utarudi, baada ya miezi au miaka. Ukirudi, utaosha tena vilevile. Hakuna dawa ya mara moja, na anayekuuzia dawa hiyo anakuuzia kitu kitakachokausha plastiki mpaka ipasuke.

Yule mwenye rangi ya jino la mvuta tumbaku, mimi ningemwacha. Mwanga na joto vimeibadilisha plastiki yake. Kuna njia maarufu ya kuwapaka dawa ya kuondolea nywele rangi na kuwaanika juani, na kweli huwa weupe. Lakini mara nyingi umanjano hurudi, na nimeona waliotoka na mabaka kama ukuta uliovuja. Kwa uliyemnunua wewe mwezi uliopita, amua upendavyo. Kwa aliyekaa juu ya kabati la mama, umanjano huo ni miaka yake.

Mahali pa kuwaweka huenda patakushangaza: chupa za kioo za jemu, zenye vifuniko, kila mmoja na chupa yake, ndani ya kabati lenye kivuli, chumba ambacho hakina jua la alasiri. Watu hudhani plastiki inataka hewa, na kuna aina za plastiki za zamani ambazo ni kweli zinataka. PVC laini ni kinyume. Ikifungiwa kwenye kioo, mafuta yakishatoka kidogo hayana pa kwenda, na kasi ya kutoka hupungua. Mfuko wa nailoni haufai, kwa sababu wenyewe hunywa hayo mafuta na kuyavuta zaidi. Gazeti ni baya kuliko vyote: wino huhamia kwenye ngozi inayonata, ukafungua siku moja ukakuta mtu wa mwezini ana bei ya nyanya mgongoni. Vile vifuko vidogo vinavyonyonya unyevu, vinavyokuja ndani ya masanduku ya viatu, vinafaa kuwekwa ndani ya kabati wakati wa masika. Bati la maziwa nalo lihifadhi, lakini tupu. Plastiki hiyo ikizeeka sana hutoa mvuke wenye asidi, na chumvi ya hewa yetu inatosha kula bati bila msaada mwingine.

Tuje kwenye thamani. Kwa herufi ulizoniandikia nawatambua: ni wanasesere wa Star Wars, zile filamu za vita vya anga za juu, wa kampuni ya Kenner, ya Cincinnati, Marekani. GMFGI ni kifupi cha General Mills Fun Group, waliokuwa wenye Kenner wakati huo, na LFL ni Lucasfilm, wenye filamu. Ule mwaka si mwaka wa kutengenezwa. Ni mwaka wa hakimiliki ya umbo, kwa hiyo aliyeandikwa 1977 anaweza kuwa ametoka kiwandani miaka kadhaa baadaye. Kenner waliacha kuwatengeneza 1985, na kwa kuwa mjomba alikuletea hadi 1987, huenda wale wa mwisho aliwaokota kwenye masalio ya madukani, bandari moja baada ya nyingine.

Huyo kijana wa mamilioni amesikia habari za kweli akazibandika mahali pasipo pake. Wanaouzwa kwa pesa nyingi mnadani ni wale ambao hawakufunguliwa kamwe, bado wako juu ya kadi yao ya dukani, kadi haijakunjwa, au vile vitu ambavyo havikufika madukani kabisa. Mfano maarufu ni mwanasesere wa Boba Fett, mmoja wa wahusika wa filamu hizo, wa 1979, aliyetangazwa kuwa atarusha kombora dogo kutoka mgongoni. Kabla hajatoka, mtoto mmoja Marekani alikuwa amekufa kwa kukabwa na kombora la mwanasesere wa kampuni nyingine, na Kenner wakaamua kombora lao libandikwe lisiruke. Sampuli chache za majaribio zilizobaki ndizo zinazogombewa hadi leo. Wako wamechezewa. Wale wa kawaida waliuzwa kwa mamia ya mamilioni duniani, na hao wanaonata na kugeuka rangi mnunuzi atawapunguzia thamani zaidi. Kama mtu anakushawishi ununue zaidi kwa kuwa ni akiba ya uzeeni, mkatalie. Mimi sijawahi kumshauri mtu yeyote aweke ada ya shule kwenye plastiki.

Kwa wale 11 ulionunua, angalia zaidi silaha na majoho kuliko miili. Hivyo vidogo ndivyo vilivyopotea zaidi mikononi mwa watoto, kwa hiyo ndivyo vinavyoghushiwa zaidi. Kumbuka pia kwamba tangu 2019 kampuni ya Hasbro, iliyokuja kuimiliki Kenner, imetoa wapya wenye umbo lilelile la zamani. Si bandia, ni halali kabisa, lakini muuzaji asiye mwaminifu anaweza kukutolea mmoja kwenye kadi yake akakuuzia kuwa ni wa utotoni mwako.

Sasa lile swali la mwisho, ambalo naona ndilo lililokufanya uandike.

Hamu hii uliyonayo ilipewa jina na mwanafunzi kijana wa udaktari, Johannes Hofer, mwaka 1688 huko Basel. Alichukua maneno mawili ya Kigiriki, la kurudi nyumbani na la maumivu, akayaunganisha kuwa nostalgia. Aliiona ni ugonjwa wa watu walio mbali na kwao. Kwa muda mrefu madaktari walifuata mawazo hayo. Siku hizi wanasaikolojia wanaiona vingine. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton, akina Constantine Sedikides na Tim Wildschut, waliwaomba watu waandike kumbukumbu za aina hii, wakaona kwamba karibu kila mara kuna watu ndani yake: mama, ndugu, rafiki. Kitu huwa ni mlango tu. Wakaona pia kwamba hamu hii huamka zaidi mtu anapokuwa mpweke au mwenye huzuni, na kwamba akishaikumbuka siku hiyo hujisikia yu karibu zaidi na watu wake. Kwa hiyo hapana, huumwi. Umefiwa, na moyo umekimbilia mahali ambapo mama bado anaita jina lako.

Wala sikubaliani na neno utoto. Na wale wasemao kwamba mambo ya anga ni ya Wazungu, waambie kwamba tarehe 12 Desemba 1970, siku yetu ya uhuru, setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani, na ikaitwa Uhuru. Mtoto wa pwani aliyelala na mtu wa mwezini chini ya mto hakuwa ameota ndoto ya kuazima.

Lakini mke wako ana hoja, hata kama neno lake limekuuma. Sidhani kilichomkera ni plastiki. Ni duka la rafiki. Mizigo ikianza kupitia mlango wa nyuma, mwenzako hajui tena ni nini kingine kinapita huko. Na wewe mwenyewe hebu jiulize, kati ya wale 11, ni yupi aliyekupa ile hali uliyoipata ulipofungua bati? Nimewasikia wengi wenye mikusanyo wakieleza jambo moja: furaha kubwa iko kwenye kusubiri, mzigo ukifika inapungua siku hiyohiyo, na jioni unatafuta mwingine. Krismasi ya 1977 Kenner hawakuwa na wanasesere tayari, wakauza kasha lenye cheti. Mtoto alituma cheti kwa posta, na wanne wa kwanza wakamfikia mwaka 1978. Watoto walinunuliwa kusubiri, na wakakubali. Wewe pia ulilelewa na kusubiri, ukihesabu siku za meli. Ukinunua sasa unapata tena siku za kuhesabu, ila mwisho wake hakuna mjomba anayeshuka na begi.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu, na si wa kukukataza. Simamisha ununuzi mpaka Ramadhani ijayo ipite. Kaa na mke wako, mtajie ile 64,000 kamili, usipunguze hata shilingi, na mkubaliane kiasi cha mwaka ambacho hakigusi nyumba. Wengi wanaokusanya kwa furaha hukusanya kwa mpaka: wale 12 wa kwanza tu wa 1978, au wale tu waliowahi kuwa nao. Huo wa pili ungekufaa zaidi. Lakini kama utajikuta unakopa ili kununua, unaficha tena baada ya kuahidi, hulali kwa sababu ya mnada unaofungwa alfajiri, au huzuni ya mama inazidi badala ya kupoa, hapo usiniandikie mimi. Mwone mshauri nasaha au daktari ana kwa ana, pamoja na mke wako ikiwezekana. Majonzi yanaweza kujificha ndani ya shughuli, na anayeyajua kazi yake ni kukaa na wewe, si kusoma barua.

Kijana wako wa miaka 6 asinyimwe, ila asipewe hao watano. Plastiki na rangi za miaka hiyo zilitengenezwa kabla ya sheria kali za leo. Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Plymouth kilichapisha uchunguzi wa midoli 200 hivi ya plastiki iliyokwisha tumika, na baadhi ikakutwa na madini kama risasi na kadimi. Kuwashika mara moja moja ukiwa naye, kisha akanawa mikono, sioni ubaya. Kuwatia mdomoni, hapana. Zile bunduki ndogo ni za kukaba koo, zitoe kabisa. Mnunulie mpya mmoja wa kwake, awe na haki ya kumvunja. Na ikitokea mtoto yeyote akameza kitu, hasa betri ndogo ya duara kutoka kwenye kichezeo, hospitali palepale, hata kama anacheka. Betri hiyo inaunguza koo ndani ya saa chache.

Nimemwacha mjomba mwisho, ingawa umemtaja kwa mstari mmoja tu. Katika kazi yetu, kitu kisicho na historia ya mikono iliyokipitisha ni nusu ya kitu. Wale 11 walikuja kwako bila mtu. Hawa watano wana mtu, yuko Likoni, na masikio yake yanazidi kuchoka. Utavuka feri kabla hujaosha hata mmoja. Wabebe kwenye bati lao, kwa mara ya mwisho wakiwa wote humo. Nenda asubuhi, wakati wazee hawajachoka, kaa upande wa sikio linalosikia vizuri, na usianze na maswali. Mpe mmoja mkononi kwanza, umwache amgeuzegeuze. Mkono utakumbuka kabla ya ulimi. Kisha muulize: huyu ulimpata bandari gani? Ulimnunua kwa pesa gani? Mama alisema nini ulipomleta? Rekodi sauti yake kwenye simu, na kijana wako awepo.

Ukirudi, andika aliyoyasema kuhusu kila mmoja kwenye kikaratasi, kwa penseli na si kwa kalamu, maana wino huchuja unyevu ukija. Kikaratasi kifungwe nje ya chupa kwa uzi, kisikae ndani na mwanasesere.